Mzee Hamsini na Safari ya Siku Tisa Kwenda kwa Binti

Ndugu, jamaa na majirani, anayewasomea ni shemeji yake marehemu, kaka wa mjane, fundi wa kuchomelea vyuma. Shule niliishia darasa la sita, lakini dada yangu amesema niandike mimi, na mnajua dada yangu akishasema.

Marehemu, ambaye karibu nyote mlimwita Mzee Hamsini, alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha tatu kutoka bombani, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mlinda geti: treni ikija anafunga njia, ikishapita anafungua. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alipozaliwa hakulia mpaka treni ya mchana ilipomaliza kupita, kama vile alikuwa anaipisha.

Alianza shule mwaka 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971. Ripoti yake ya mwisho ipo, dada ameihifadhi kwenye bahasha. Mwalimu ameandika: "Ana bidii, ila ni mzito kuanza." Mwalimu huyo angemwona akipasha injini moto dakika ishirini kila asubuhi, angeongeza mstari. Nilipomtania kwamba yeye angalau ana cheti, alinijibu, "Na wewe unacho shem, ila chako kiko mdomoni."

Mwaka 1975 aliajiriwa kuwa utingo, na mwaka 1983 akapata leseni ya matrela. Aliendesha trela miaka thelathini na minne, hadi alipostaafu Machi 2017, bila kuangusha gari hata mara moja. Jina la Hamsini alipewa na madereva wenzake kwa sababu mshale wake wa mwendo haukuvuka hapo. Wenzake walifika, wakashusha, wakaoga, wakalala, wakaamka, ndipo yeye anaonekana kwenye kona, anakuja kama harusi. Lakini kama mzigo ulikuwa vioo, matajiri walimtafuta yeye.

Alimuoa dada yangu, fundi cherehani, Jumamosi tarehe 14 Septemba 1985. Siku ya kujitambulisha alikuja na trela zima, akaingia nalo kwenye kichochoro chetu, likanasa. Marehemu baba akatoka na kanzu ya kulalia akauliza, "Huyu mkwe anakuja kuoa au anakuja kuhamisha mtaa?" Ilichukua saa tatu kulitoa, na mimi ndiye niliyemwelekeza, bila mimi ukuta wa jirani ungekuwa historia. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1988. Binti huyo ameolewa na anaishi kilomita elfu moja mia nane na arobaini kutoka hapa. Kilomita hizo si zangu, alizipima marehemu mwenyewe.

Sasa naomba mniazime masikio, maana hapa ndipo penyewe.

Novemba 2022 figo zake ziligoma. Aliwekewa mpira mwembamba tumboni, na mara nne kwa siku alikuwa akiingiza lita mbili za maji ya dawa, anayaacha yachuje uchafu, kisha anayatoa na kuingiza mengine. Muuguzi wa kliniki alimfundisha kufanya mwenyewe nyumbani. Akamwambia mbele yetu sote, "Mzee, dakika arobaini za kubadilisha maji mlango umefungwa, dirisha limefungwa, feni imezimwa, mdomo umefunikwa. Hata akija mkuu wa nchi, asubiri nje." Marehemu alilishika hilo kama sheria ya barabarani. Kunawa mikono alihesabu mpaka sitini, kwa sauti. Ukimkatiza kwenye arobaini, anaanza upya.

Mei mwaka huu binti alipigwa marufuku kushuka kitandani. Alikuwa mjamzito kwa mara ya nne, na mimba tatu za kwanza zilitoka, hakuna iliyovuka wiki ya ishirini na nne. Wiki hiyohiyo daktari wa hapa alimwambia marehemu kwamba moyo nao umechoka, na kwamba asihesabu mwaka. Akarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha cherehani cha dada, akasema, "Yeye hawezi kuja. Mimi siwezi kungoja."

Ndege alikataliwa kwa sababu ya moyo. Basi halina pa kufungia mlango. Ndipo alipokwenda kwenye yadi ya wakandarasi wa barabara na kurudi na karavani, kile kijumba cha magurudumu ambacho wapima barabara walikuwa wanalala ndani yake na kukivuta kwa gari. Bati limetoboka, sakafu imeoza, kuku wanataga kitandani. Daktari aliposikia akamwambia, "Mzee, wewe ni mtu wa kukaa nyumbani." Akajibu, "Ndiyo maana nakwenda nayo, daktari."

Kwa wiki kumi tulilitengeneza. Kiungo cha kuvutia nilichomelea mimi, na hakijaachia hata uzi. Dada alishona mapazia ya kitambaa kinachofulika. Yeye, huku miguu imevimba, alikaa na daftari na kupanga. Maboksi kumi na mawili ya maji ya dawa, kila boksi kilo tisa, tisa ya safari na matatu ya dharura. Mimi nikasema tuyarundike nyuma, nafasi ipo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linauzwa wapi. "Shem, ukilemea nyuma karavani litacheza mkia mpaka lituingize mtaroni. Ukilemea mbele gari litainua pua." Akayapanga juu ya ekseli, palipo na magurudumu, akayapa namba, akaandika siku ya kwanza litoke lipi na siku ya pili lipi, ili uzito usihame kadiri maji yanavyopungua. Kisha akawapigia madereva wenzake wa zamani, mmoja mmoja, kuuliza wapi kuna uwanja ulio sawa, wenye maji, usio na vumbi. Vituo thelathini na sita, mara nne kwa siku kwa siku tisa. Alipokosa kituo cha siku ya nne saa tano asubuhi, alilia. Mimi nimemjua miaka thelathini na tisa na sikuwahi kuona machozi yake. Alilia kwa kukosa mahali pa kuegesha.

Tuliondoka Jumatatu, tarehe 29 Julai 2024, yeye, dada na mimi. Aliendesha asubuhi, mchana nilishika mimi, kila nikifika hamsini na tano ananigusa goti. Mifuko ya dawa aliipasha kwenye dashibodi juani. Kila tukisimama, anaweka gololi sakafuni; ikibingirika, tunasogea.

Ijumaa tarehe 2 Agosti, saa kumi jioni, tulisimama kwenye yadi ya kinu cha unga. Dada alikwenda kuchota maji. Marehemu alikuwa ndani, mlango umefungwa. Simu yake alikuwa ameniachia mimi, ikaita. Alikuwa mkwe wetu, mume wa binti, anaongea huku analia: wametoka kupimwa, wiki ishirini na nane zimetimia, moyo wa mtoto unapiga vizuri, daktari amewasikilizisha.

Ndugu zangu, nilifungua mlango.

Nilifungua nikapiga kelele, "Shem! Moyo unapiga! Wiki ishirini na nane!" Na lori la pumba likapita nyuma yangu, na vumbi likaingia mbele yangu. Alikuwa ameshika ncha ya mpira mkononi, haina kifuniko. Aliitazama ncha, akanitazama mimi, macho yanacheka juu ya barakoa. Akasema, "Funga mlango, shem. Kisha unisimulie kupitia dirishani." Nikasimulia, kioo kimefungwa, mara tatu, kwa sababu alikuwa anagonga kioo kuomba nirudie.

Jumapili maji yaliyotoka tumboni yalikuwa na ukungu kama maji ya mchele, na homa ikapanda. Tulikuwa tumebakiza kilomita mia nne na kumi. Alitaka tuendelee. Dada alikataa, akanyoosha mkono akakata usukani mikononi mwangu yeye mwenyewe kuingia hospitali ya mji uliokuwa karibu, karavani nyuma, na watu wakatupisha.

Daktari wa hapo aliuliza vimelea vimeingiaje. Marehemu akajibu kabla sijafungua mdomo: "Mikono yangu, daktari. Nilisahau kunawa." Dada alimgombeza siku kumi na sita. "Barabarani hamsini, kwenye sabuni mia na ishirini! Umetuua kwa uzembe, baba!" Naye anaitikia, "Kweli, mama. Kweli." Akitoka dada, nilimwambia nitasema. Akanishika mkono. "Usiseme. Nikiondoka atabaki na wewe tu hapa. Atamwegemea nani akikukasirikia?"

Binti alipojua baba yake amelazwa, alipiga simu kusema anaagiza gari, anakuja amelala kiti cha nyuma. Hapo ndipo niliposikia marehemu akipaza sauti kwa mara ya mwisho. "Ukishusha mguu tu, nang'oa hii mipira na ninakuja kwa miguu!" "Baba, basi nikuone hata mara moja!" "Umeniona miaka thelathini na sita. Huyo hajaniona hata siku moja. Lala!" "Na wewe ulale!" "Nimelala!" "Sauti yako si ya mtu aliyelala!" Wote wawili vitandani, kilomita mia nne na kumi katikati, kila mmoja anamtishia mwenzake kuamka. Wodi nzima ilikuwa inacheka, kisha mgonjwa wa kitanda cha jirani akavuta shuka akajifunika uso.

Alifariki Jumanne, tarehe 20 Agosti 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, kwa maambukizi ya tumbo na moyo kushindwa, akiwa na miaka sitini na saba. Hakufika.

Jana mchana nilimwambia dada, jikoni. Sikuweza kukubali mtu aliyekuwa akihesabu mpaka sitini azikwe kwa jina la mchafu. Alizima jiko, akakaa mpaka sufuria likapoa. Kisha akasema, "Mpigie binti. Halafu andika, na usipunguze."

Nilimpigia. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi: mumewe aliyepiga simu hana kosa, aliyefungua mlango ni mimi mjomba wake. Nilingoja anitukane, na nilikuwa tayari. Akauliza, "Mjomba, kwa hiyo baba alisikia? Kwamba moyo wa mtoto unapiga?"

Nikasema alisikia. Akaniuliza alisema nini, nikamwambia. Akataka nirudie. Nimerudia mara tatu.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, ambaye hayupo hapa leo kwa amri ya marehemu mwenyewe na amri hiyo bado ina nguvu, mkwe mmoja, ndugu wanne, shemeji mmoja asiye na la kujitetea, na mjukuu aliye tumboni, ambaye leo ametimiza wiki thelathini na moja na siku moja.

Mwenyezi Mungu ampokee dereva huyu ambaye hakuwahi kumwaga mzigo wa mtu. Apumzike kwa amani, na binti yake asishushe mguu.