Siku Niliyomkalisha Bibi Mkekani

Hapana mzee wangu, shikamoo, lakini hapo nakukatalia. Umesimama hapa ukasema kuna bibi mmoja wa Kwamndolwa aliwekewa nyonga ya bandia ikamchomoka, kwa hiyo mkeo haendi kupasuliwa, bora aendelee kuburuza mguu. Zipo zinazochomoka bila kosa la mtu, zipo zinazoingia wadudu, sikatai. Ila huyo bibi ni bibi yangu. Aliyeichomoa ni mimi.

Tulieni basi, ndugu zangu, niseme. Vikao vinne nakaa pale mlangoni nawasikiliza mnavyosimulia mnavyouguza watu wenu, sifungui mdomo. Mimi huyu nisiyenyamaza hata msibani. Ni aibu tu.

Bibi alianguka akitoka kuchota maji, nyonga ikavunjika, wakamwekea ya bandia. Siku ya kuruhusiwa, dada wa mazoezi pale hospitali akanikalisha, akanieleza. Asikae chini. Asichuchumae. Goti lisipande juu kuliko nyonga. Asipishanishe miguu. Mpaka watakapotuambia wao.

Mi kuchomelea nimejifunza mwenyewe, darasa la ufundi sijaliona. Nikamuungia kiti kirefu cha mabomba, na kingine chenye tundu nikakisimamisha juu ya choo chetu. Wiki tano bibi anatembea na fremu ya kujishikizia mpaka barabarani. Nikajiona daktari.

Wiki ya sita tukasoma dua ya shukrani. Si mnajua kwetu, wanawake ndani, mikeka imetandikwa, mkubwa chini, mdogo chini. Bibi peke yake juu ya kile kiti. Mama mmoja, ndugu yetu kabisa, akasema, "Kumbe leo tuna mkuu wa wilaya. Tusimame tupige saluti?" Wakacheka. Mwingine akadakia, "Mwacheni, ana vyuma vya kizungu yule, mkeka utamchafua."

Nilikuwa mlangoni na sinia la pilau. Damu ikapanda. Mtu akimgusa bibi yangu kanigusa mimi, mnanijua. Nilitakiwa kusema neno moja tu, kwamba daktari kakataza. Sikulisema. Nikaona bora niwazibe midomo. Nikaweka sinia, nikamwinamia, "Bibi, shuka ukae nao kidogo, wasiseme unajidai."

Akaninong'oneza, "Mume wangu, yule binti si alikataza?"

"Anajua nini yule? Wiki zote hizi anayekuuguza ni yeye au mimi?"

Hakubisha tena. Nikamshika makwapani, nikamshusha, miguu nikamkunjia kwa mikono hii hii akae kama wenzake. Wakampisha, wakafurahi kweli. Dua ikasomwa. Tunamwinua, kitu kikagonga ndani ya nyonga, na bibi akatoa sauti ambayo sitawasimulia. Mguu ukawa mfupi, unyayo umegeukia ndani.

Nawaambia, bado sijafika kwenye aibu yenyewe.

Hospitali nilifika nafoka. Mmemwekea bibi yangu chuma feki, mmemharibia. Dada wa mazoezi akanipita, akamwuliza bibi taratibu, "Bibi, ulikaa chini?"

Bibi, na maumivu yale, akasema, "Niliteleza, mwanangu."

Na mimi nikadakia, "Si umesikia? Kateleza."

Walimlaza usingizi wakairudisha bila kupasua. Mdomo wangu ndio haukurudi. Kijiweni, sokoni, nikipeleka mageti Mombo, kote hospitali imemharibia bibi yangu. Mpaka nikaenda Kwashemshi kufunga mlango kwa mteja, baba wa makamo, nyonga imesagika. Akanipokea kwa furaha. "Kijana, umeniokoa. Nilishapangiwa siku ya kupasuliwa. Nilivyosikia maneno yako nikawaambia siendi." Halafu akaenda kuniletea maji ya kunywa kutoka nyumba ya chini. Mnaijua milima ile. Alishuka zile ngazi za udongo kwa makalio, moja moja, jagi kalishika mkononi.

Yale maji sikuyanywa.

Nikarudi nikamwambia bibi nakwenda kusema ukweli. Nikamwuliza kwa nini alinifichia kosa langu. Akasema, "Ungeitwa mjinga mbele za watu, mume wangu. Mimi ni mzee, kuteleza ni kawaida yangu."

Nilikwenda. Dada wa mazoezi hakunifokea, na afadhali angenifokea. Akauliza, "Siku nakueleza masharti, ulikuwa na nani?" Nikasema peke yangu. Akasema, "Basi hapo na mimi nilikosea. Hao wa kwenye mkeka walikuwa hawajui." Akaja nyumbani, akawakalisha kina mama wale wale, akawaeleza.

Kwashemshi nako nilirudi. Mke wa yule baba alinisema nikiwa nimesimama uani, hakunipa hata kigoda, na nilistahili. Zamu yake ya kupasuliwa ilishapita. Ameandikishwa upya, mpaka leo hajaitwa. Kila siku anashuka vile vile kwa makalio.

Bibi anatembea, anatumia fimbo. Lakini ule mguu anauogopa, maana tuliambiwa ikishachomoka mara moja, ya pili haiko mbali. Sokoni aliacha kwenda. Hicho nimemnyang'anya mimi, si hospitali.

Namshukuru yule dada. Namshukuru yule mama wa saluti, siku hizi akija kwetu anavuta kiti anakaa sambamba na bibi, na mwingine akianza utani anamkata yeye. Nawashukuru na nyie mliokaa kimya mkanisikiliza. Bibi sijui namshukuruje.

Funzo langu ni fupi. Ukipewa masharti ya mgonjwa, yaseme kwa nyumba nzima na majirani, yaseme hata wakucheke. Mimi sikuogopa chuma. Niliogopa watu watamsema.

Kwa hiyo mzee wangu, nijibu mbele ya hawa: unachokiogopa ni hiyo nyonga ya bandia, au siku mkeo atakaa juu ya kiti na wewe uko chini mkekani?