Mikimbio Thelathini na Minane ya Mzee Pastory

Tarehe 30 Juni 2014, baada ya miaka ishirini na miezi saba katika ghala letu la misaada bandarini Kigoma, Mzee Pastory Buhoro anastaafu. Alitoka kwao Simbo mwaka 1993, wakimbizi walipoanza kumiminika, akaomba kibarua cha siku tatu cha kushusha mahindi. Siku hizo tatu ndiyo kwanza zinakwisha.

Kutoka kibarua akawa karani, kisha msimamizi mkuu. Wakati wa mvua za elnino aliyafuata kwa baiskeli malori yetu yaliyokwama, chupa ya chai ikining'inia kwenye usukani, akalala na madereva chini ya turubai mpaka matope yalipokauka. Madereva wanasema chai ilikuwa chungu, ila hadithi zilikuwa tamu.

Kila asubuhi alifungua kwanza mlango wa upande wa ziwa, ingawa malori yote huja kwa upande wa barabara. Alisimama pale na kikombe chake mpaka ukungu uachie, na milima ya Kongo ijitokeze polepole ng'ambo ya maji, kama jambo unalolikumbuka ukiwa nusu usingizini. Wageni kazini walidhani anasali. Sisi wa zamani tulimtania kwamba ana mke wa pili kule Baraka, mji wa ng'ambo.

Kumbe ilikuwa kriketi. Mchezo huo tuliletewa na Hamdani, fundi wetu wa magari, aliyeujua tangu ujana wake Dar es Salaam. Kila Pasaka ghala lilicheza na walimu wa kambi ya wakimbizi, na Mzee Pastory ndiye aliyekaa nyuma ya vijiti vitatu kudaka mpira. Sheria moja ya mchezo huo kila mtu aliijua: mpigaji akitoka nje ya mstari wake wakati mpira bado unachezwa, na vijiti vikaangushwa kwa mpira huo, ametolewa.

Pasaka ya mwaka 2001 Mwalimu Feliksi, mkimbizi kutoka Fizi, Kongo, alikuwa amepata mikimbio, yaani pointi, thelathini na minane. Kambi ilihitaji miwili tu ishinde kwa mara ya kwanza. Ndipo mama mkwe wake, Mama Leonia, akakatiza uwanjani na ndoo ya unga kichwani. Feliksi akafanya analofanya mkwe mwenye adabu: akalaza chini gongo lake la kupigia, akatoka pembeni kumpisha, akainamisha kichwa. Mpira ulikuwa mikononi mwa Mzee Pastory. Akaangusha vijiti.

Hamdani, aliyekuwa mwamuzi, akainua kidole, maana sheria ndivyo isemavyo. Kombe likaja ghalani. Feliksi akampa Mzee Pastory mkono, akasema, "Haina shida, papa. Sheria ni sheria." Afadhali angemtukana. Mzee Pastory ni Muha. Na yeye kule Simbo humpisha mama mkwe wake njiani. Alijua kabisa Feliksi anafanya nini, na bado akaangusha. Mwaka uliofuata aligoma kucheza, na kombe akalifungia kabatini.

Mwaka 2006 Feliksi alirudi kwao kwa meli. Aliyekagua majina gatini alikuwa Mzee Pastory. Walitazamana, karatasi ikagongwa muhuri, foleni ikasukuma, na neno la samahani likabaki kooni. Tangu siku ile ndipo alipoanza kufungua mlango wa ziwani. Haya tuliyajua mwezi uliopita tu, alipotusimulia mwenyewe.

Tulimuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa. Kamati ilishapanga kitanda cha mninga. Yeye akaomba vijiti sita, mpira mmoja, na nafasi katika boti ya kwenda Baraka. Alikuwa ameshamwandikia Feliksi kumwomba radhi, na jibu, ambalo sasa hulibeba mfukoni mwa shati, ni fupi: "Kuja, papa. Niliachia thelathini na nane. Tutaanzia pale."

Boti inaondoka Jumatatu inayofuata, asubuhi. Kombe limeshatolewa kabatini, limefungwa ndani ya kanga ya mkewe, Mama Honorata, ambaye naye anasafiri ili ahakikishe linafika.

Asante, Mzee wetu, kwa yote. Tunakutakia maji matulivu, afya njema na uzee wenye vicheko. Na huko uendako, Mama Leonia akikatiza tena uwanjani, mpira ushike tu.

Wema, Kitengo cha Usafirishaji