Mwalimu Stephano Shemhilu, Aliyemshuku Mwanamisi

Jambo la kwanza ambalo mjukuu wake Beatha alilitambua kwa babu yake, akiwa na miaka mitano, ni kwamba hakukalia kiti kabla ya kukitikisa. Hata kiti cha nyumbani kwake, alichokuwa amekikalia jana yake. Wageni walidhani ni utani, lakini haukuwa utani. Marehemu alishuku viti, alishuku mizani ya sokoni, na hata kanisani aliomba jicho moja likiwa wazi. Familia imeona isilifiche jambo hilo mbele yenu, kwa sababu kosa lake kubwa na kazi yake kubwa vyote vilitoka hapo.

Mwalimu Stephano Shemhilu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika kijiji cha Mgwashi, mtoto wa pili kati ya saba wa marehemu mzee Yohane Shemhilu na marehemu mama Raheli, waliokuwa wakulima. Alisoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1964 hadi 1970. Inasimuliwa kwamba akiwa darasa la nne aliikagua hesabu ya mwalimu ubaoni, akakuta kosa, akachapwa, na kesho yake akakagua tena.

Baada ya sekondari alijiunga na chuo cha ualimu Korogwe, akahitimu mwaka 1977. Alifundisha hisabati na michezo katika shule za Bumbuli, Soni na Lushoto hadi alipostaafu Machi 2016.

Tarehe 11 Desemba 1982 alifunga ndoa na Secilia. Uchumba ulichukua miaka miwili, kwa kuwa marehemu aliuliza habari za binti kwa shangazi zake watatu, kila mmoja kwa siku yake, aone kama majibu yanafanana. "Polisi wangenimaliza kwa wiki moja," Mama Secilia husema. Walijaliwa watoto wanne.

Agosti 2003 michezo ya shule ilifanyika Lushoto, Mwalimu akiwa mmoja wa waamuzi. Katika mbio za wanafunzi wenye uoni hafifu alikuwapo msichana wa darasa la sita, Mwanamisi Singano, mwenye miaka kumi na mitatu. Kabla ya mbio Mwalimu alimsikia akiwasomea wenzake bango lililokuwa upande wa pili wa uwanja. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya waamuzi.

"Huyu anaona kuliko mimi," alisema. "Mtoeni."

Wakamtoa. Msichana aliondoka analia, akajikwaa kwenye ndoo za maji zilizokuwa miguuni pake, akaanguka na kuvunjika jino. Watu wakacheka: "Anajua kuigiza huyo!" Mwalimu naye hakuamini.

Lakini mtu wa kushuku hafiki mahali akatulia. Jumatatu alipanda mlima hadi nyumbani kwa msichana huyo, akajibanza migombani. Alimwona Mwanamisi juani, akimtungia bibi yake uzi kwenye sindano, mara moja tu, bila kukosea. Mwalimu akaitikia kwa kichwa: ndivyo alivyotarajia. Kisha msichana akainuka, akamkanyaga mbuzi aliyelala mbele yake mchana kweupe, akaanguka kifudifudi.

"Mwalimu," iliita sauti ya Bibi Zainabu, bibi wa msichana, "unachungulia nini kwenye migomba yangu? Njoo uchungulie ukiwa umekaa."

Alitoka akijifuta majani. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Si wewe uliyemtoa mjukuu wangu uwanjani?"

"Ni mimi. Nimekuja kujua anaonaje."

"Muulize mwenyewe. Mdomo anao, na meno mengine umemwachia."

Mwanamisi hakueleza sana. Alimwambia akunje ngumi, aache kitundu, akiweke jichoni, afumbe jicho la pili, kisha atembee mpaka bombani. Mwalimu aliliona bomba vizuri kabisa. Hakuyaona matuta ya viazi. Alipoinuka na udongo kwenye ndevu, Bibi Zainabu alisema, "Anajua kuigiza huyu."

Wiki hiyo alisimama mbele ya shule nzima mstarini, akasema kwamba amemnyima mtoto mbio zake, na mbio haziwekwi akiba. Kuanzia hapo hakumwacha Mwanamisi. Tundu lile la kuonea lilizidi kuwa dogo mwaka hadi mwaka, na mazoezi yakabadilika nalo. Mwanzo alikimbia peke yake. Baadaye alikimbia akifuata sauti. Kufikia mwaka 2011 alihitaji mwongozaji, wakishikana kwa kamba fupi mkono kwa mkono.

Watu walianza kunong'ona: mwalimu mzima anatafuta nini kwa binti wa watu? Marehemu hakukasirika. Alisema wana haki ya kushuku, na kama wangekuwa hawashuku angewashangaa. Akaweka sharti kwamba hakuna zoezi bila Mama Secilia kuwepo, na Mama Secilia akakaa pembeni ya uwanja na ufumaji wake kwa miaka mingi. Sweta nyingi mnazoziona hapa leo zilifumwa huko.

Mwanamisi alishinda mita 1500 ngazi ya mkoa mara nne. Walipofika wafadhili na fulana na kamera, Mwalimu aliwauliza jambo moja: "Na akifika miaka hamsini, mtamletea nini?" Wengi walicheka, wakapiga picha, wakaondoka. Mwaka 2018 mwalimu kijana aliyemwongoza siku za mashindano alihamishwa mkoa mwingine. Mwaka uliofuata Mwanamisi akajifungua, na simu za kumwita kambini zikakoma. Marehemu aliendelea kufika kila Jumamosi, goti likimuuma, akimfundisha mama wa mtoto mchanga kurudisha pumzi. Alisema mwanariadha si embe, kwamba msimu ukiisha humtafuti tena.

Kilichobaki kilikuwa mwongozaji. Kwa miaka mitano aliwakataa watu saba. Mmoja alipenda kamera, mwingine alipokea simu akikimbia. Wa nane alikuwa Idrisa, kijana mkulima wa kabichi wa Irente, na huyu alimtia shaka kuliko wote kwa sababu alikubali upesi. "Anayekubali kabla hujamaliza kuuliza ana lake jambo," alisema Mwalimu, akaenda kuwauliza majirani wa Idrisa.

Februari 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Tarehe 21 Oktoba alilazwa katika hospitali ya Bumbuli, ambako aliwaomba wauguzi wamtajie jina la kila kidonge, akalilinganisha na la jana. Wiki ya pili alimwita Idrisa, akaomba afungwe macho na kuongozwa kutoka kitandani mpaka bustanini. Muuguzi alikubali kwa sharti waende polepole. Mama Secilia alifunga kitenge mwenyewe. "Mkimwachia afunge yeye, atachungulia."

"Ngazi tatu, Babu," Idrisa alisema barazani. "Ya mwisho ni fupi."

Mwalimu alisimama. "Na nikisema sikuamini?"

"Basi tusimame hapa mpaka uniamini. Kabichi hazikimbii."

Walisimama kitambo. Mwanamisi alikuwa bustanini, akisikiliza, kwa sababu lililokuwa likiamuliwa pale ni kama atakimbia tena. Kisha akasikia mguu ukishuka, na mwingine, na mwingine.

"Hajanidanganya ngazi hata moja," Mwalimu alimwambia, kitenge kikiwa bado usoni. "Mchukue. Lakini bado namchunguza."

Mwalimu Stephano alifariki dunia Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Ameacha mjane, Mama Secilia, watoto wanne, wajukuu tisa, na Mwanamisi, ambaye familia inamhesabu pamoja nao. Mwenyezi Mungu ampe pumziko jema, mahali asipohitaji kukagua chochote.

Jumamosi tarehe 30 Novemba, saa tatu asubuhi, Mwanamisi na Idrisa watakimbia mita 1500 katika mchujo wa mkoa, Tanga mjini. Ni mashindano yake ya kwanza baada ya miaka sita, na hawajawahi kukimbia pamoja mbele ya watu. Mama Secilia amesema ataketi mbele kabisa, na safari hii hatafuma.