Nazari Mansuetus, Mtoto wa Bakuli la Uani

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wetu, majirani, wafanyabiashara wenzake marehemu mliopanda kutoka Kitai kwa mvua hii, na ninyi wageni wetu wa ziwani mliokuja na gari lenye turubai na kamba tayari, poleni na msiba, naomba tusikilizane. Mimi ni Ignatio, mjomba wa marehemu, kaka yake Bonifasia aliyemlea, dereva wa malori, mtu niliyefika Tunduma, Ndola na Lubumbashi na kote huko nikarudi na tumbo tu hili mnaloliona. Nimepewa kazi hii si kwa elimu yangu, bali kwa sababu sauti yangu imezoea kushindana na injini, na leo ziko mbili, moja ya gari la wageni, ambayo naomba izimwe, na nyingine ya shemeji yangu mzee Raimundi, ambayo haijawahi kuzimwa.

Jana jioni Cleopa, baba mdogo wa marehemu kwa damu, alisimama pale mlangoni akasema, "Tumekuja kuchukua mwili wetu, damu yetu hailali milimani," na mzee Raimundi, mkubwa wa ukoo huu, badala ya kumjibu kama mwenye mji, akasema, "Mchukueni, mashimo ya kulimia ya ngolo yametujaa shambani, la kwake la nini?" Kwa hiyo watu wawili ambao hawawezi kukubaliana hata bei ya samaki wamekubaliana kumtoa marehemu nyumbani kwake. Asubuhi hii wote wawili wamenifuata, kila mmoja kwa siri yake, Cleopa akitaka nisome kwamba marehemu "alilelewa kwa muda" hapa Litembo, Raimundi akitaka jina la ukoo lisitajwe kabisa, nami nimewaitikia wote ndiyo mzee, ndiyo mzee, kama dereva anavyomwitikia trafiki, na sasa naendelea na safari yangu. Nikimaliza kusoma, jeneza hili ama litapanda gari lile, ama litaingia kaburi alilochimba Mansuetus, mume wa dada yangu, hapa uani, kwa hiyo asiondoke mtu.

Marehemu Nazari Mansuetus alizaliwa tarehe 9 Februari 1972, katika kijiji cha wavuvi kusini ya Mbamba Bay, akiwa mtoto wa pekee wa mzee Bartholomayo, ambaye yuko nasi hapa, na marehemu Winifrida, aliyefariki dunia Julai 1973, mtoto akiwa bado hajaachishwa ziwa. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo mzee Bartholomayo alipanda milima pamoja na wanawake waliokuwa wakileta usipa, wale dagaa wa ziwani, kubadilishana na mahindi na maharage, akafika kwenye nyumba hii, akamwambia dada yangu Bonifasia, "Nishikie huyu, dada, hadi safari ijayo ya usipa," na dada yangu, aliyekuwa amezika watoto wawili na hana wa kubeba, akampokea, akamfunga mgongoni. Safari ijayo ya usipa ilifika, na nyingine ikafika, na usipa wenyewe tukaula mwaka hadi mwaka, mwenye mtoto hatukumwona. Mtoto alibatizwa Litembo tarehe 22 Desemba 1974, akaandikwa mwana wa Mansuetus na Bonifasia, na hilo wala sikulitunga mimi, Baba Paroko anajua.

Sasa wageni wetu waelewe kitu kimoja cha huku. Wamatengo wana sengu, mahali ambapo wanaume wa ukoo, wakubwa kwa wadogo, hukutana jioni, kila nyumba inaleta chakula chake, watu wote wananawa na kula pamoja, na hapohapo ndipo mtoto hufundishwa adabu na hujulikana ni wa nani. Mwaka 1978, Nazari akiwa na miaka sita, Mansuetus alimpeleka sengu kama baba yeyote anavyompeleka mwanawe, mtoto akanyoosha mkono, na mzee Raimundi akaupiga ule mkono kwa kijiti akasema mbele ya watu wote, "Anayekula hapa ni wa nyumba hii, huyu alikuja na kikapu cha usipa, akale na paka." Mansuetus, ambaye wote tunajua maneno yake ni machache kuliko meno yake, aliinua bakuli lake, akamshika mtoto mkono, wakaja kuketi hapa uani, pale mnapoona udongo mpya, wakala wawili. Hakurudi sengu tena. Mvua ikinyesha walisogea chini ya paa, ikikatika walirudi mahali pao.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi hapahapa Litembo kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, alifaulu vizuri hesabu, akafaulu zaidi kupigana, maana watoto wa ukoo huu, ambao leo nawaona wamevaa vitambaa vyeusi kuliko mjane, walimwita "Usipa" kuanzia darasa la kwanza hadi la saba. Nafasi ya sekondari hakuipata, kama mimi mjomba wake, ingawa yeye alikosa kwa uchache wa nafasi na mimi nilikosa kwa wingi wa ujinga.

Kuhusu kazi, mwaka 1989 nilimchukua kuwa utingo wangu, tukatembea naye Njombe, Makambako hadi Mbeya, na nakiri mbele yenu kwamba baada ya mwaka mmoja abiria waliokaa mbele walimwuliza yeye njia, si mimi. Mwaka 1991, soko huria lilipofunguka na kila mtu akaruhusiwa kuuza chochote kwa yeyote, alinunua baiskeli, akashuka ziwani, akapanda na usipa, na wale waliomwita jina hilo shuleni wakapanga foleni kwake kuununua. Mwaka 1994 alifungua kibanda Kitai, kwenye kituo cha mabasi, na wenzake wa pale wanajua kwamba mzigo wa mwenzake ukilowa mvua aliuanika pamoja na wake.

Katika safari hizo za ziwani, Aprili 1993, aliulizia nyumba ya baba yake, akaifikia. Mzee Bartholomayo alikuwa ng'ambo, upande wa Malawi, na aliyempokea ni Cleopa huyuhuyu aliyekuja jana na kamba, akamsikiliza, akamwekea kiti barazani na sahani yake peke yake, wenye nyumba wakala ndani, kisha akamwambia, "Haya mgeni, ukishiba uende, njia yako ni ndefu." Nazari aliporudi nilimwuliza walimpokeaje, akasema, "Walinipa samaki mkubwa, mjomba." Alichopata cha maana huko ni jina la mama yake, alilopewa njiani na bibi mmoja jirani.

Marehemu alifunga ndoa takatifu tarehe 24 Juni 1995 na Beata, binti wa Mbuji. Mshenga nilikuwa mimi, kwa kuwa ukoo ulikataa kutoa hata mtu wa kubeba mwavuli, na wakwe waliponiona walidhani nimekuja kuomba maji, lakini walitupa mke, na mke ndiye huyu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Mansuetus, aliyezaliwa Mei 1996, na Winifrida, aliyezaliwa Oktoba mwaka jana.

Sasa naomba mzee Raimundi anisikilize kwa sikio lile zima. Miaka hiyohiyo wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia Mbinga, kila nyumba ikapata hela yake na kufuli lake, kila mtu akapika kwake, sengu ikafa, na watoto wako, mzee, wakahamia mjini. Ukabaki na jioni ndefu. Mwaka 1995, baada ya harusi ambayo hukuja, ulianza kupita hapa saa ya chakula, "kusalimia tu," ukasalimia Jumatatu, ukasalimia Jumanne, na Nazari akasogea, akasema, "Shikamoo baba mkubwa, karibu unawe." Ukanawa. Umenawa hadi mwezi uliopita.

Tarehe 30 Januari mwaka huu, 1998, Nazari alipanda kutoka ziwani kwa miguu, barabara ikiwa imekatwa na mvua, akafika na homa kali, akalazwa hospitali tarehe 2 Februari kwa malaria iliyopanda kichwani. Jioni ya tarehe 5 alizinduka kidogo, mkewe akamwinamia, naye akauliza, "Baba mkubwa amekula?" Alifariki alfajiri ya tarehe 6, zikibaki siku tatu atimize miaka ishirini na sita.

Mzee Raimundi, sheria uliiweka wewe, mimi nimeisoma tu, kwamba anayekula pamoja na watu wa nyumba hii ni wa nyumba hii. Kama umeibadilisha, simama sasa, umwambie Baba Paroko na umati huu kwamba miaka hii yote ulikuwa unakula na paka. Hapa kwenye karatasi nimeandika "subiri kidogo," kwa hiyo nasubiri.

Basi. Nazari Mansuetus atazikwa hapa uani. Cleopa, turubai lako ni zuri, funikieni magunia ya mahindi tutakayowapa, hatuwarudishi mikono mitupu, sisi tunajua kupokea na tunajua kutoa. Na wewe mzee Bartholomayo, ambaye tangu jana hujainua macho, nina hasira na wewe ya miaka ishirini na mitano na sitaificha kwa sababu ya msiba, lakini mkitoka kaburini bakuli litawekwa palepale, Mansuetus atakaa upande mmoja, mzee Raimundi upande wa pili, na upande wa tatu hauna mtu. Maji ya kunawa yatakuwepo.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, majirani mliobeba kuni, kwaya, na wenzake wa Kitai mliofunga vibanda vyenu leo.

Nazari, mjomba wangu, tulia sasa, umefika nyumbani, na baba mkubwa leo atakula.