Moto Iko Inakuya

KAHINDO: Allô? Allô, nani iko?

VAHWERE: Nani tena? Dada yako mukubwa, yaya Vahwere! Ama juu umekuwa mupishi mukubwa, sauti yangu umesahau?

KAHINDO: (anacheka) Yaya! Nilizani ni batu ya kanisa, ya paroisse. Umelala muzuri?

VAHWERE: Muzuri, aksanti Mungu. Batoto?

KAHINDO: Musoki ameamuka, anaomba nanasi. Mudogo yake Aaron iko mu mugongo yangu, anasinzia.

VAHWERE: Na ile keki ya oti, ya avoine? Usiniambie bado. Zile familia za Djugu, zenye zilikimbia vita, zinalala mu nyumba ya masomo, zinaingojea saa mbili kamili, misa ikiisha tu.

KAHINDO: Iko mu sufuria, ku jiko ya makala. Lakini iko maji-maji, sijue juu ya nini. Nimetia avoine, ndizi mbivu sita, mayai, maziwa, nanasi—

VAHWERE: Nanasi ulikamua?

KAHINDO: Kukamua gani?

VAHWERE: Eh! Kukamua maji yake! Mama Marie-Claire, nesi wa centre de santé, alitufundisha nini? Ama siku ile na weye ulikuwa mu mugongo ya mutu?

KAHINDO: Alisema tusitie sukari, utamu ya matunda inatosha batoto. Ile njo nilishika. Ya kukamua sikusikia.

VAHWERE: Ongeza avoine vikombe mbili. Na karanga. Makala kidogo chini, makala mingi juu ya mufuniko. Siye batu ya bila four ya kuoka keki, ni ile ya juu njo inaivisha.

KAHINDO: Nimeshaweka. Inaanza kunukia, ata Musoki hatoke hapa. Lakini kwa pembeni— ngoja.

VAHWERE: Ningoje nini?

KAHINDO: Umesikia?

VAHWERE: Rezo ya simu tu. Krr, krr.

KAHINDO: Apana. Masasi.

VAHWERE: Labda basoda banafanya mazoezi—

KAHINDO: Si mazoezi, yaya. Upande ya mashamba. Tena! Weye uko Mudzipela katikati ya batu, hausikie. Siye huku ku mwisho ya muji, inapita juu ya mabati.

VAHWERE: Ingia mu nyumba. Funga.

KAHINDO: Nimefunga. Musoki, kuya huku. Kuya! ... Ee Yesu.

VAHWERE: Unaona nini?

KAHINDO: Papa Hippolyte, jirani. Ametoka na mikono juu. Batu ya silaha banamuuliza kitu. Anabaonyesha njia, anaonyesha na mukono— bamemukata.

VAHWERE: Bamemu nini?

KAHINDO: Na panga. Mu shingo. Iko chini, na miguu bado inatembea, yaya, mutu iko chini na miguu inatembea—

VAHWERE: Toka ku dirisha!

KAHINDO: Bibi yake, Mama Hélène, anamuvuta, anataka kumurudisha mu nyumba. Mama, mwache! Mwache ukim— Na yeye. Bamemukata na yeye.

VAHWERE: Kahindo, toka ku dirisha! Lala chini na batoto! (mbali na simu) Athanase! Athanase, amuka! Bamevamia kwa Kahindo! Shika moto yako, pita nyuma ya soko, ubabebe bote tatu! Kimbia, bwana yangu, kimbia! (anarudi) Kahindo?

KAHINDO: ...yaya, sauti inakatika—

VAHWERE: Sikiliza! Moto iko inakuya kwako!

KAHINDO: Nini inakuya?

VAHWERE: Moto! Moto iko inakuya! Usi— (mtandao unakwaruza) —nyumba!

KAHINDO: Moto? Musoki, simama! Simama nasema, wacha viatu!

VAHWERE: Usitoke mu nyumba! Kahindo? Kahindo!

(Simu inakatika. Dakika nyingi. Inalia, safari hii Kahindo ndiye anayepiga.)

KAHINDO: (kwa kunong'ona) Yaya.

VAHWERE: Mungu wangu, uko muzima! Athanase amefika?

KAHINDO: Athanase gani? Niko mu mufereji, nyuma ya mihogo. Na batoto bote mbili.

VAHWERE: Juu ya nini ulitoka? Nilikuambia moto inakuya!

KAHINDO: Njo maana nilitoka! Nikakimbia na mulango ya nyuma. Kwa Papa Hippolyte kunaungua, nilizani unaona moshi toka kule, unaona inakuya kwangu—

VAHWERE: Moto ya Athanase, Kahindo! Pikipiki! Nimemutuma bwana yangu akubebe na pikipiki!

KAHINDO: Mupigie. Sasa hivi. Mwambie arudi.

VAHWERE: Telefone yake iko hapa mbele yangu, ku chaji. Arudi juu ya nini?

KAHINDO: Bako mu parcelle yangu, mu uwanja. Batu bane. Bamevunja mulango, hawakukuta mutu. Sasa bamekaa ku sufuria.

VAHWERE: Banafanya nini ku sufuria?

KAHINDO: Banakula. Banachota keki na vidole, banapuliza, banacheka. Mumoja anapangusia panga mu kitambaa yangu ingine ya kubeba mutoto. Yaya, Athanase asikuye. Pigia mutu ya njiani, pigia yeyote—

VAHWERE: Nipigie nani? Ameshapita— Ngoja. Nasikia injini kwako.

KAHINDO: Apana. Apana, Mungu, apana.

VAHWERE: Ni yeye! Ile kelele ni yake, tuyo yake ya moshi imetoboka! Anakuona?

KAHINDO: Amesimama ku barabara. Bale banamusikia, bamejibana nyuma ya nyumba. Yeye hababone.

VAHWERE: Anafanya nini?

KAHINDO: Ananiita.

VAHWERE: Nasikia! "Kahindo! Kahindo!" Njo sauti yake! Itika!

KAHINDO: (anaziba kinywa cha Musoki kwa mkono)

VAHWERE: Itika, Kahindo! Mwambie bako hapo! Arudi! Neno moja tu!

KAHINDO: Bako karibu na siye, yaya. Nikisema, na Musoki atasema.

VAHWERE: Neno moja na ulale chini! Kahindo. Mudogo yangu. Mama alipokufa ni mi njo nilikulea, sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba. Nimepiga magoti hapa chini. Itika.

(Sauti ya mwanaume inaita mara ya tatu, karibu zaidi. Mlango wa mabati unalia.)

VAHWERE: Asiingie! Athanase! ATHANASE!

KAHINDO: Nyamaza, yaya, simu itasikika—

VAHWERE: ATHANASE, RUDI!

(Risasi moja. Halafu mbili, kwa kufuatana. Mtandao unakwaruza.)

VAHWERE: Kahindo, labda amelala chini. Anajua kujitupa chini. Mwaka tulikimbia vita njo vile aliponea. Unamuona?

KAHINDO: Yaya, usiniulize.

VAHWERE: Nyamaza. Nyamaza kwanza! Injini! Injini yake imewaka! Unaisikia? Inaondoka! Anabakimbia! Kimbia, bwana yangu, kimbia! Mungu ni mukubwa, Kahindo, ameponyoka, iko anaondoka—

KAHINDO: Yaya.

VAHWERE: Naisikia, inaenda mbali—

KAHINDO: Yaya, si yeye iko anaendesha.

(Injini inapotelea mbali.)

VAHWERE: Bote bameenda?

KAHINDO: Bote. Bawili ku moto, bawili na miguu.

VAHWERE: Na yeye?

KAHINDO: Iko ku mulango yangu.

VAHWERE: Batoto?

KAHINDO: Bazima. Aaron nilimupa titi. Musoki nilimuziba kinywa na mukono. Ameniuma, damu inatoka, lakini sikumuachilia.

VAHWERE: Na kinywa yako? Yako ilizibwa na nani?

KAHINDO: Sikukuwa na mukono ingine, yaya. Mumoja ilishika simu. Yangu ilijifunga yenyewe. Ningeitika, bangetukuta. Bangeanza na batoto mbele ya macho yangu. Weye uliona vile bamefanya kwa— apana, weye hukuona. Mi niliona.

VAHWERE: Najua.

KAHINDO: Inite ya simu iko inaisha. Inalia tit, tit. Niambie kitu, yaya. Ata kitu kidogo. Nitukane.

VAHWERE: Baki mu mufereji mupaka basoda bafike. Usitoke. Nasema usitoke, umenisikia muzuri?

KAHINDO: Nimesikia. Yaya, si ni vile tu? Si mi nilifanya vile mama anafanya?

VAHWERE: Ni vile. Najua, Kahindo.

KAHINDO: Aksanti, ya—

VAHWERE: Lakini ungeitika.

KAHINDO: Yaya? Yaya, usi—

(Inite zimekwisha. Simu inakatika.)