Duka Linaanzia Mlangoni

Fungeni mlango, wanangu, lakini dirisha liacheni wazi. Kelele za mtaa huu hazijawahi kuniudhi, na leo ninazihitaji. Wewe kifungua mimba wangu, keti hapo kwenye kreti, usisimame mlangoni kama askari. Na wewe binti yangu, acha kunipepea, joto ninalolisikia si la kupepewa. Mama yenu atakaa hapa miguuni pangu alipokaa miezi hii minne, maana katika haya nitakayosema kuna jambo aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilimjibu kwa ukali, na mume akimjibu mkewe kwa ukali juu ya swali dogo, jueni kwamba swali si dogo.

Sina muda mrefu, na nyinyi pia hamna. Saa sita mchana yule mhandisi wa manispaa, msichana mwenye kofia ya njano aliyesimama chini mlangoni tangu asubuhi, anataka jibu: ama tumekubali vibaraza vya mtaa huu vivunjwe, njia ya waenda kwa miguu isawazishwe toka kona hii hadi kona ile, ipandwe miti na kuwekwa taa na viti, ama tumekataa na wenye maduka waketi juu ya saruji zao mashine zikija. Na wote wamesema wanamsikiliza mzee wa vyombo, ndiye mimi. Akikubali yeye, wamekubali. Wewe mwanangu umeniletea barua ya kukataa, umeiandika vizuri, mwandiko wako ni mzuri tangu shule, imebaki sahihi yangu tu. Nimeisoma mara tatu. Kuna mstari unasema kwamba tangu kibaraza chetu kijengwe, hakuna mtu hata mmoja aliyedhurika kwa sababu yake.

Kwa ajili ya mstari huo nimewaita.

Nilipolinunua duka hili, mlango wake ulikuwa sawa na njia. Mtu alikuwa akipita huku anatazama masufuria yangu, asijue kama mguu wake uko ndani au nje. Ikaja mvua ile, mama yenu anaikumbuka, maji yakaingia hadi magotini, maboksi ya vikombe yakalowa yakafumuka yenyewe. Mvua ilipokatika nikamwita mwashi, nikamwambia ainue mbele ya duka kwa matofali mawili, na hapo nilifanya kile ambacho kila mwenye akili angefanya. Lakini maji, wanangu, yakifukuzwa mlango mmoja hubisha hodi mlango wa pili. Mvua iliyofuata yakanikuta nimeinuka, yakaenda kwa muuza viatu. Naye akainua, matofali matatu, ili yanirudie mimi. Nikaongeza hadi matano. Mwenye duka la dawa akainua, mwenye nguo akainua na juu yake akatandika vigae vya kung'aa, wateja wakawa wanaangushwa nje na vigae kabla hawajaangushwa ndani na bei. Tulishindana kwa saruji, watu wazima na ndevu zetu, na hakuna aliyekumbuka kwamba hiyo njia tuliyokuwa tukiipandisha haikuwa ya yeyote kati yetu. Changu kikawa juu kuliko vyote. Mteja akifika anahema, hana tena pumzi za kubishana, na jioni mimi na mama yenu tulikuwa tukilicheka hilo.

Mtu mmoja tu hakuinua. Fundi saa, jirani yetu wa ukuta huu, ana upenyo wa mlango mmoja, meza, kiti na kile kioo chake cha jichoni. Angeinua sakafu, asingepata pa kuweka kichwa. Kila mvua alizoa maji kwa kopo, akaendelea na kazi. Ndiyo maana juzi yule mhandisi alipozunguka na chombo chake cha kupimia akitafuta usawa wa zamani wa mtaa huu, aliupata mahali pamoja tu, kwenye kizingiti cha fundi saa. Mtaa mzima utapimwa kutoka hapo.

Nipeni maji. Basi, yanatosha.

Kibaraza kilipokwisha, nikaona dhambi kukiacha kitupu. Nikapanga ndoo, nikapanga mabeseni na mifagio, mwisho nikaweka vyuma upande huu na upande ule ili vibaka wasikwapue. Tangu siku hiyo mtu anayetoka kwa muuza viatu kwenda kwa fundi saa hakuwa na njia ila kushuka barabarani, azunguke duka letu pamoja na magari, kisha apande tena mbele. Mimi sikuwa naliona hilo. Aliye nyuma ya kaunta huona bidhaa zake na nyuso za watu, miguu haioni. Nimekuja kuiona miezi hii minne mliyonilaza dirishani. Namwona mama mwenye mtoto mgongoni akigeuka nyuma mara mbili kabla ya kushuka. Namwona yule kipofu anayeuza karanga, fimbo yake ikigonga ukuta wetu husimama, akategea magari sikio, akangoja mkono wa mtu asiyemjua. Na watu wanaokuja wakizungumza, wakifika mbele ya duka letu hunyamaza wote, kisha huendelea na maneno yao wakishapita. Mwanzoni nilidhani wananisikitikia mimi mgonjwa.

Na kila siku kabla ya saa sita namwona Bi Kununa.

Jina hilo mlimpa nyinyi mkiwa wadogo, kwa sababu mke wa fundi saa haitikii salamu ya nyumba hii, nami nililicheka na nikaliacha likue. Mlidhani ana kiburi. Mlidhani ni ule mguu uliomtia uchungu na dunia nzima. Sikilizeni sasa, na msinikatize, maana nikikatizwa sijui kama nitaweza kuanza tena.

Miaka kumi na tisa iliyopita alikuwa anamletea mumewe chakula cha mchana katika bakuli la bluu lenye mfuniko, alilolinunua kwangu wiki hiyo hiyo. Akafika kwenye vyuma vyetu, akashuka. Nilimwona kwa macho yangu haya, nilikuwa nje napanga ndoo. Likaja lori la soda, dereva akalibana upande wetu kumkwepa mwendesha baiskeli, na lile gurudumu la nyuma likampitia mguuni. Mtu wa kwanza kushuka nilikuwa mimi. Nilimbeba mimi mpaka hospitali, na hilo ni kweli, na ndilo lililoniponza, kwa sababu watu hawamtilii shaka aliyebeba majeruhi. Niliporudi nikawakuta askari wa barabarani na bwana mmoja wa manispaa mwenye utepe wa kupimia. Wakaniuliza, mwanamke alikuwa wapi? Nikakitazama kibaraza changu, saruji bado mbichi pembeni, nikajibu: alikuwa anavuka barabara, hakutazama.

Hakuwa anavuka. Alikuwa anapita mbele ya duka letu kama mtu yeyote mwenye haki ya kupita.

Na bakuli lile lilikuwa limeangukia chini ya ukuta wa kibaraza, mfuniko haujafunguka hata. Bakuli la mtu anayevuka katikati ya barabara haliangukii hapo. Nikalifunika kwa beseni kubwa, na walipoondoka nikalipandisha huku juu. Dereva alikwenda zake. Yule mama alipozinduka akasema, sikuwa navuka; wakasema kachanganyikiwa kwa maumivu. Akasema tena mwezi uliofuata, na mwaka uliofuata, mpaka mumewe mwenyewe akamwambia, kubali yaishe, jirani yetu aliona. Na mume huyo, wanangu, alinishukuru. Kila mwaka amekuja kunisafishia ile saa ya ukutani bila malipo, nami nimekaa nikimtazama anavyoifuta jino moja moja. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi: kidole changu kingepona kwa wiki, ulimi wangu umemfanya mwanamke mkweli aonekane mwongo ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mke wangu, hilo ndilo jibu lako. Uliniuliza bakuli hili la nani, mbona hutaki litumiwe. Nisamehe kwa ule ukali.

Binti yangu, panda kwenye kiti, liko juu ya kabati nyuma ya sanduku. Lifute vumbi. Mimi siwezi kushuka ngazi na yeye hawezi kuzipanda, kwa hiyo nenda wewe, na nenda sasa hivi, amekwisha kufika, nimemwona akizunguka na gongo lake. Pitia mlango wa mbele. Mpe bakuli mkononi, na useme mbele ya mumewe, kwa sauti itakayomfikia muuza viatu: baba amesema hukuwa unavuka. Usimweleze habari za mvua, wala usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Huo nitauomba mimi kama atataka kuusikia, na asipotaka, ana haki. Nenda, mama. Usitetemeke, umebeba ukweli, si moto.

Wewe baki.

Najua kinachochemka kifuani mwako. Utasema nimeivua nyumba nguo mbele ya mtaa. Utasema mteja asipoona mabeseni nje hajui kama ndani kuna duka. Labda. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo kiko ngazi ya pili, nakisikia kinavua viatu. Mirathi yangu ni fupi. Vyumba hivi vya juu ni vya dada yako, na mama yenu atakaa humu mpaka atakaponifuata, asihamishwe hata kitanda. Duka ni lako. Lakini sikia vizuri: duka linaanzia mlangoni. Zile hatua tatu za mbele sikuachii, kwa sababu mtu harithishi asichokuwa nacho.

Karatasi ya mhandisi, ile ya kukubali, nimeitia sahihi alfajiri, iko chini ya mto, mama yako ni shahidi. Unaweza kuichukua ukaichoma. Unaweza kushuka ukawaambia wenzako kwamba mzee anaweweseka kwa homa, na watakuamini, kama walivyoniamini mimi, maana uongo wa nyumba hii una sifa nzuri mtaani. Sina nguvu ya kukuzuia, hata mkono wako siwezi kuushika ukiutoa. Ninachoogopa si hasira zako. Ninaogopa usije ukalala dirishani hapa siku moja, miaka thelathini ijayo, ukitazama miguu.

Na hili ndilo la mwisho kwako. Usingoje mashine zao. Ile nyundo kubwa iko stoo nyuma ya magunia ya mkaa. Nilikijenga kwa hiari yangu, na kivunjwe kwa hiari yetu. Nikifa, jeneza litatoka kwa mlango ule, na waliobeba watageukia kwa fundi saa. Sitaki kushushwa barabarani. Nataka nipite mbele yake nikiwa sawa na kizingiti chake. Kama kibaraza kitakuwa bado kipo, niacheni humu humu ndani mpaka kivunjwe; najua nitawanukia, basi fanyeni haraka.

Mwanangu.

Ametoka. Usimfuate, mke wangu, usimwite. Aliye juu mngoje chini, ndivyo wasemavyo, nami nilikuwa juu muda mrefu mno.

Niinue kidogo. Hapo. Namwona binti yetu, amesimama kwenye kizingiti. Fundi saa ametoa kioo jichoni. Bi Kununa... hapana, tusimwite hivyo tena. Mke wa fundi saa amelishika bakuli, analigeuza, anapitisha kidole kwenye mfuniko. Binti amesema. Muuza viatu ametoka nje, amesikia. Yule mama hanitazami mimi. Anamtazama mumewe. Miaka kumi na tisa amengoja kumtazama hivyo. Na fundi saa ameinamisha kichwa mezani, katikati ya saa za watu.

Nilaze.

Umesikia mshindo huo? Hiyo ni milango ya duka. Amefunga. Basi amekwenda kuwaita wenzake, na saa sita itawakuta wameketi juu ya vibaraza, na barua ile itasomwa na jina langu. Nimemlea mimi, nimlaumu nani? Anabishana kama mimi, ananyamaza kama mimi.

Ngoja. Mabeseni hayo. Nani anateremsha mabeseni? Na hivyo ni vyuma, anavikokota.

Hiyo... hiyo si milango, mke wangu.

Anapiga vibaya. Hajawahi kushika nyundo nzito, ataumiza mgongo. Mdondoshee karatasi hapa dirishani ampe yule msichana, na mwambie aanzie upande wa fundi saa, kule saruji ni dhaifu, mwashi aliniibia akazidisha mchanga. Yule mwizi... Mungu amrehemu, leo kanisaidia.

Hawanisikii kwa kelele hizo, basi wapokelee wewe. Radhi zangu wanazo, wote wawili, mbele na nyuma yao. Kila watakapoweka mguu, ardhi iwapokee. Wasinuniane. Na mlango wao usiwe mzito kwa mpita njia yeyote... yeyote.

Sogeza mto. Hapana, mkono wako tu.

Kuna mtu chini anauliza kama panapitika. Mjibu wewe, sauti yangu haifiki. Mwambie... bado kidogo.