Bibi Shamba Filomena Banzi na Unga wa Manjano

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1996, Bibi Filomena Banzi atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja katika kazi ya ugani, na atastaafu kwa mujibu wa sheria. Mimi Evance, niliyekaa naye chumba kimoja cha ofisi hapa Morogoro, ndimi niliyeangukiwa na kazi ya kuandika haya kwa ajili ya jarida letu. Mwenyewe hakutaka yaandikwe. Alisema nafasi hiyo ingefaa zaidi kwa habari za mbegu.

Alizaliwa Matombo, akasomeshwa na masista wa misheni, akahitimu kilimo na kupangiwa milimani, upande wa Mgeta. Huko alipanda miteremko iliyoishinda pikipiki ya serikali. Ni mcheshi, mbishi, na msemaji kupita kiasi. Mkutano mfupi ukifunguliwa na yeye, wenye uzoefu walikuwa wanabeba chakula.

Habari zake haziwezi kuandikwa bila maneb. Kwa wasioijua, ni unga wa manjano unaozuia ukungu kwenye nyanya na viazi, uliotengenezwa kwa manganisi iliyofungamanishwa na kaboni, naitrojeni na salfa. Hauyeyuki majini. Unaelea kisha unazama, hivyo bomba lisipotikiswa mche mmoja unapata tope na mwingine maji matupu. Hauingii ndani ya jani, unakaa juu yake tu, na mvua kubwa ikiupiga unaondoka. Ukivuta vumbi lake, koo linawasha.

Isitoshe, hautaki unyevu hata kidogo. Masika moja paa la stoo yetu lilivuja juu ya mifuko ya maneb, na mlinzi wetu Yunusi akagundua kwamba ukiegemea mifuko ile unapata joto zuri. Bi. Filomena alimkuta amejinyoosha pale, ana raha zake. Alimvuta kwa kola, akaita watu, mifuko ikatolewa nje ikaachanishwa, na mmoja ukaanza kufuka moshi unaonuka vibaya. Yunusi alikuja mbio na ndoo ya maji. Bi. Filomena aliipiga teke, akaagiza mchanga mkavu, kwa kuwa maji ndiyo yaliyokuwa yamewasha shughuli yote. Yunusi bado yupo nasi, na siku hizi anaegemea ukuta.

Zamani unga huu uliletwa na ushirika, kwenye mifuko yenye maelezo, na kwa kawaida ulichelewa. Biashara ilipofunguliwa ukaanza kufika kwa wakati, lakini maelezo yakabaki njiani. Wachuuzi waliupima kwa kijiko, wakaufunga kwenye vifuko vya nailoni na kuuita dawa ya nyanya, basi.

Ndipo yakatokea ya Lusungi. Mjane mmoja wa kijiji hicho, Mwamvita, alifuata ushauri wa Bi. Filomena, akaacha maharage na kupanda nyanya shamba zima. Bakajani, ule ugonjwa wa ukungu, likaingia. Akapuliza, akapuliza tena, na nyanya zikaendelea kuoza. Bi. Filomena alipofika na kumuuliza kwa nini hakupuliza mapema, alijibiwa mbele ya watu: "Mama, kwani wewe unakunywa dawa ukiwa mzima?"

Alirudi ofisini hasemi, tukadhani anaumwa. Kesho yake akatuambia kosa ni letu. Miaka yote tumewaambia watu kwamba hii ni dawa, na mtu na akili zake anatafuta dawa akishaugua. Maneb haiponyi jani lililougua. Inazuia mbegu za ukungu zisichipue kwenye jani zima. Kuanzia siku ile akaacha kabisa kuiita dawa. Akaiita koti, kwa kuwa Mgeta kuna baridi na kila mtu anajua koti linavaliwa kabla ya kutoka nje. Mkubwa wetu mmoja alilalamika kwamba hiyo si lugha ya kitaalamu. Msimu uliofuata Mwamvita alizivalisha nyanya zake koti mapema, akavuna, na neno likaenea vijijini kwa kasi tusiyoitegemea.

Likaenea mno. Sokoni wateja wakaanza kupenda nyanya zenye manjano, eti zina koti, hazina ugonjwa. Wakulima nao wakawa wanapuliza asubuhi ya kuvuna ili mzigo upendeze. Siku moja Bi. Filomena alimkuta mjukuu wa Mwamvita akifuta nyanya ya namna hiyo kwenye gauni lake na kuila. Sijapata kumwona amekasirika vile, na aliyemkasirikia ni yeye mwenyewe.

Tangu hapo alirudi kijiji hadi kijiji kufundisha nusu iliyobaki: ukishapuliza, usichume hadi siku saba zipite; ukichuma, osha; bomba lisisafishwe mtoni; kifuko kisitiwe chumvi. Nusu hii haikupendwa. Nani atasubiri wakati lori limeshafika? Kadiri siku ya kustaafu ilivyokaribia, swali hilo lilimnyima usingizi, kwa sababu nafasi yake haitajazwa. Ajira zimesimama, na mwenye duka hana haja ya kumwambia mteja avute subira.

Mwezi uliopita nilimsindikiza Lusungi kuaga. Tulikuta lori la mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, limepanda barabara mnayoijua wenyewe. Mwamvita alikuwa amesimama mbele ya shamba lake, nyanya zimeanza kuwa nyekundu, mikono kiunoni.

"Siku nne bado, mwanangu," alimwambia yule kijana. "Ukiweza kungoja, ngoja. Huwezi, shuka."

Kijana alibembeleza, akasema atakwenda kwa jirani. Jirani yake, Raya, akajibu kutoka ng'ambo ya kijito kwamba na zake bado. Wote wawili walijua kwamba baadhi ya nyanya zitaharibika kabla ya lori jingine kupanda. Lori likashuka tupu.

Walipokuwa wakibishana, Bi. Filomena alitaka kuingilia, nilimwona, akajizuia. Halafu akakaa juu ya jiwe na kulia waziwazi, bila kuficha uso. Nilipomuuliza ana nini, alisema amekuja kuaga watu ambao tayari hawamhitaji, na hajawahi kupata furaha kama hiyo.

Bi. Filomena, sisi wa ofisini bado tunakuhitaji, na chumba chetu kitakuwa kimya kuliko tunavyopenda. Asante kwa kazi, kwa ubishi, na kwa kukubali ulipokosea. Tunakuombea afya, magoti yapone, na migomba yako ya Matombo izae sana. Ukipakumbuka Lusungi, panda ukawasalimie. Kazi wanaiweza.